Kabla hujapaka rangi tena chumba cha watoto, tafuta maji yanatoka wapi

Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ameniandikia kwamba chumba cha watoto wake wawili kimepakwa rangi mara tatu ndani ya miaka miwili. Kila masika inapofika, rangi inavimba kuanzia chini, inabanduka kama ganda la muhogo, na plasta inamong'onyoka hadi unga wake unaangukia godoro. Mtoto wa pili, mwenye miaka minne, anakohoa usiku. Fundi wa mwisho amemwambia hizo ni fangasi na dawa yake ni rangi ya mafuta. Swali lake ni fupi: anunue rangi gani?

Jibu langu ni kwamba asinunue rangi yoyote kwa sasa. Hiyo fedha ina kazi nyingine.

Nianze na hilo neno fangasi, maana limewapotosha wengi. Ule unga mweupe unaotoka chini ya ukuta, unaofanana na magadi, si fangasi. Ni chumvi kweli. Inatoka ardhini, kwenye saruji, kwenye tofali na kwenye mchanga uliojengea, hasa kama ulichotwa karibu na bahari. Maji yanaiyeyusha, yanapanda nayo ukutani, kisha yanakauka na kuiacha usoni mwa ukuta. Ikikaukia ndani ya vitundu vidogo vya plasta, inakua na kusukuma, na hiyo nguvu ndiyo inayobandua rangi yako. Chukua kidogo kwa ncha ya kisu, weka kwenye kijiko cha maji. Ikiyeyuka, ni chumvi.

Fangasi wa ukutani, ambao wengine tunawaita ukungu, hawayeyuki. Wanakuwa madoa meusi au ya kijani, wanachafua kidole ukiwagusa, wananuka kama nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Wanapenda pembe za chumba, nyuma ya kabati, na upande wa chini wa godoro lililolazwa sakafuni.

Chumvi yenyewe si ugonjwa. Ila ikionekana, ujue maji yapo, na penye maji ukungu hauchelewi kufika. Hapo ndipo suala linapotoka kwenye urembo wa nyumba na kuingia kwenye kifua cha mtoto. Mwaka 2009, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani. Hitimisho lake ni kwamba wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya upumuaji na maambukizi ya njia ya hewa, na wenye pumu huzidiwa.

Kuna kisa cha Uingereza ambacho sipendi kukisimulia, lakini kinafundisha. Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, mtoto wa miaka miwili alifariki. Novemba 2022 uchunguzi rasmi wa kifo chake ulieleza kwamba aliugua mfumo wa hewa kwa sababu ya kuishi muda mrefu kwenye nyumba yenye ukungu. Baba yake alikuwa ameutolea taarifa ukungu huo tangu 2017, akaambiwa aupake rangi. Mwaka uliofuata baada ya uchunguzi huo, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwabana wenye nyumba za kijamii wachunguze na kurekebisha hatari kama hizo ndani ya muda maalumu.

Visa vya kufikia hapo ni vichache, na simwambii mzazi yeyote aanze kulala macho. Kikohozi cha mtoto kina sababu nyingi. Kikifika wiki mbili, mpeleke kituo cha afya apimwe, ikiwemo kifua kikuu, hata kama ukuta wako ni mkavu kama jiwe la kusagia. Akihema haraka, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa na kunyonya, usisubiri kesho. Na ukimwona daktari mwambie jambo moja ambalo wazazi wengi hulisahau: je, mtoto akienda kulala kwa bibi yake kikohozi kinapungua, na akirudi nyumbani kinaanza upya? Habari hiyo inamsaidia sana.

Sasa turudi ukutani. Tofali la saruji linaonekana gumu, lakini ndani lina vinjia vyembamba visivyohesabika, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Ndiyo maana nyumba inaweza kulowa bila mvua kugusa ukuta. Kwa hiyo swali ni moja tu, maji hayo yanatoka wapi, na unaweza kulijibu kwa sehemu kubwa mwenyewe kabla ya kumwita fundi.

Tazama kwanza umbo la unyevu. Ukianzia chini na kuishia usawa wa magoti au kiuno, na kutapakaa karibu sawasawa ukuta mzima, hayo ni maji ya ardhini. Ukiwa sehemu moja tu, hasa ukuta unaopakana na bafu au jiko, shuku bomba. Ukiwa upande ule lilipo shimo la maji machafu au chemba, huna haja ya mganga wa kukupigia ramli. Ukishuka kutoka juu, panda ukaangalie bati. Na unyevu usiojali kiangazi wala masika, uko vilevile mwaka mzima, mara nyingi ni wa bomba au chemba.

Kwa bomba kuna kipimo cha bure. Usiku, tanki likiwa limejaa, funga bomba zote na upige picha mita ya maji kwa simu. Alfajiri, kabla mtu hajafungua maji, piga picha ya pili. Namba zikiwa zimesogea na hakuna aliyetumia maji, kuna mahali yanavuja, pengine chini ya sakafu unayotembea juu yake.

Kipimo cha pili ni cha nailoni. Kwangua rangi iliyobanduka, bandika kipande cha nailoni ang'avu cha futi moja kwa futi moja, ziba kingo zote nne kwa selotepu pana, ukiache siku mbili. Matone yakitokea kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ikiwa kwa ndani ni kavu ila upande wa chumbani umelowa, basi ni maji ya hewani: mvuke wa jikoni, wa kuoga, wa nguo mlizoanika chumbani, na wa pumzi za watu wengi waliofunga madirisha. Hali hiyo wenzetu wa Njombe na Lushoto wanaijua zaidi kuliko sisi wa pwani, kwa sababu ya baridi. Na kwa kuwa nimetaja baridi: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kukausha ukuta wala kuwapasha watoto joto. Linatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke.

Chanzo kinachosahaulika kuliko vyote ni paa lenyewe. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mita 10 kwa 12. Ikinyesha milimita 50 kwa siku, mvua ya namna hiyo Dar tunaijua, paa hilo linamwaga lita 6,000. Hizo ni ndoo 300 za lita 20. Kama huna gata, ndoo hizo 300 zote zinamwagwa hatua moja kutoka kwenye msingi wako, na matone yanachimba mfereji na kurusha tope ukutani. Halafu tunasema eneo letu lina maji mengi chini! Maji mengine tunayatia sisi wenyewe.

Ndiyo maana nilisema fedha ya rangi ina kazi nyingine. Gata la upande mmoja tu, ule wa chumba cha watoto, likipeleka maji kwenye tanki au mbali na nyumba, linafanya kazi ambayo makopo kumi ya rangi hayafanyi. Ukishindwa gata, zungusha ukanda wa zege kuuzunguka msingi, upana wa karibu mita moja, ukishuka walau sentimita 5 kuelekea nje ili maji yasisimame. Hamisha na bustani. Maua yaliyopandwa kwenye ukuta na kumwagiliwa kila jioni yanapendeza, lakini ni sawa na kumwagilia chumba.

Jambo jingine ni la mitaa yetu. Barabara inanyanyuliwa, jirani anajaza kifusi, na wewe unaweka pevingi juu ya uwanja wa zamani. Baada ya miaka kumi nyumba iliyojengwa juu imekuwa shimoni bila kusogea. Udongo wa nje ukifika usawa wa sakafu ya ndani au kuupita, umeruka kizuizi chochote alichoweka fundi kwenye msingi na kugusa tofali kavu moja kwa moja. Uso wa ardhi nje unatakiwa uwe chini ya kizuizi hicho kwa walau sentimita 15. Nenda nje na rula ya mtoto wa shule upime. Wapo watakaokuta ukuta wao umezikwa, na hapo dawa ni sepetu: chimba, shusha udongo, au weka mfereji kati ya pevingi na ukuta.

Kizuizi chenyewe ni kipi? Kwa wanaojenga sasa, hapa ndipo pa kusimama. Msingi ukishajazwa kifusi na kushindiliwa vizuri, kabla ya kumwaga zege la jamvi, hutandikwa nailoni ngumu. Iliyozoeleka ni geji 1000, yaani unene wa robo milimita. Vipande vipandiane karibu sentimita 30, na kisiwepo kilichotobolewa na kokoto au nondo. Kisha, na hapa mafundi wengi hukosea, nailoni isiishie kwenye kingo za ndani za tofali. Ipande na kuungana na kizuizi kinacholazwa juu ya ukuta wa msingi kabla ya tofali la kwanza la boma. Ikiishia ndani, sakafu itakuwa kavu na kuta zitaendelea kunyonya, nawe utashangaa maji yamepita wapi.

Mwambie fundi akupigie simu siku ya kutandika, uende mwenyewe, na upige picha kabla zege halijamwagwa. Nailoni ni kitu kidogo kwenye gharama ya nyumba. Ikishafunikwa na zege, hakuna fedha itakayoirudisha chini kirahisi.

Wasomaji walioko Marekani wananiambia nyumba zao nyingi hazikai juu ya kifusi. Zimeinuliwa kidogo, chini ya sakafu ya mbao pana nafasi ya kutambaa tu, na ardhi humo ni udongo mtupu. Hata huko kanuni ni ileile: ardhi hufunikwa nailoni kutoka ukuta hadi ukuta, maji ya paa hupelekwa mbali, na mteremko wa uwanja huelekezwa nje. Kwao kuna mtego wa ziada. Zamani ilishauriwa kuacha matundu ya hewa chini ya nyumba, lakini kwenye majimbo yenye majira ya joto la unyevu hewa hiyo inaingia, inagusa mabomba yaliyopozwa na kiyoyozi, na kugeuka matone yanayoozesha mbao. Aliye na nyumba ya namna hiyo achukue tochi akachungulie, maana hewa ya huko chini hupanda mpaka wanakolala watoto.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, kama ya mama wa Tabata, mpangilio wa kazi ndio unaoamua. Kwanza zuia maji. Baada ya hapo ondoa plasta iliyooza, nusu mita zaidi juu ya alama ya unyevu, kwa sababu chumvi imeshapita hapo hata kama haionekani. Futa chumvi kwa brashi kavu na uizoe itoke nje, usiirudishe ardhini pembeni ya ukuta. Halafu subiri. Ukuta wa inchi sita uliolowa kwa miaka haukauki wiki moja, hesabu miezi, na ni vyema kazi ianze masika inapoisha ili kiangazi chote kikusaidie. Ndipo upige plasta mpya na kupaka rangi ya maji, inayoruhusu ukuta kupumua.

Rangi ya mafuta na marumaru za ukutani siziungi mkono hata kidogo kwenye ukuta wenye maji. Zinayafungia ndani, nayo yanatafuta njia juu zaidi. Nimeona nyumba ambazo unyevu ulikuwa magotini, wakaweka marumaru hadi kiunoni, na sasa unatokea kifuani. Ipo pia dawa ya kisasa ya kutoboa mashimo kwenye mstari wa chini wa ukuta na kuingiza kemikali inayokataa maji. Inasaidia pale ambapo kizuizi hakikuwekwa kabisa, lakini kuilipia wakati lita 6,000 bado zinamwagika dirishani ni kutupa fedha.

Wakati unajipanga, watoto wanaendelea kulala humo. Kwa hiyo wiki hii sogeza kitanda walau sentimita 10 kutoka ukutani, na kabati pia. Godoro lililo sakafuni liinue, hata kwa chaga za kuokota juu ya tofali, hewa ipite chini. Siku ya jua litoke nje, ligeuzwe pande zote mbili. Fungua madirisha ya pande mbili saa ambazo nje ni kavu, tuseme saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, na nguo mbichi zianikwe barazani badala ya chumbani. Chumba kingine kikiwa kikavu, hamishia watoto huko, wazazi mlale kwenye unyevu. Mtoto mwenye pumu ndiye wa kwanza kuhamishwa.

Ukungu mweusi usafishe kwa maji ya sabuni na kitambaa, ukiwa na glavu na barakoa, watoto wakiwa nje. Usiufagie ukiwa mkavu, utaurusha hewani wote wauvute. Ukitumia jiki, usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi inayounguza mapafu. Ukungu ukizidi eneo la mita moja ya mraba, tafuta mtu mwenye vifaa.

Nimebakiza wapangaji, ambao ndio wengi wetu. Mwenye nyumba hawezi kupuuza picha kama anavyopuuza maneno. Piga picha ya ukuta mwanzo wa kila mwezi kutoka sehemu ileile, mtumie kwa ujumbe, na umpendekezee jambo mahususi, gata au kushusha udongo, pengine mkikubaliana mkate gharama kwenye kodi. Akikujibu kwa kopo la rangi, mrejeshee picha za mara ya mwisho alipopaka.

Na kama bado unatafuta nyumba, usilipe kodi ya miezi sita kwa kuangalia sebule na jipsamu ya darini. Nenda ukaikague siku moja baada ya mvua. Omba kabati lisogezwe. Nusa vyumba vya nyuma kabla madirisha hayajafunguliwa. Gonga plasta ya chini kwa kifundo cha kidole, iliyoachana na tofali hulia kama debe tupu. Ukikuta rangi mpya kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na juu yake rangi ya zamani, muulize mwenye nyumba alikuwa anafunika nini, kisha kaa kimya umsikilize.